Sanduku la Mjomba: Somo la Hesabu Lisilomo Kitabuni

Bwana Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya utunzaji wa hesabu. Nadhani alitaraji habari za daftari la fedha na mizania, mambo ambayo wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wamekwisha kuyachoka kabla hawajayaelewa. Badala ya hayo nitaeleza habari za sanduku la bati la mjomba wangu, kwa sababu katika sanduku hilo nilijifunza hesabu ambayo sikufundishwa chuoni, na kwa sababu najua kwamba wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaye mzee nyumbani mwenye sanduku kama hilo.

Mjomba alizaliwa mwaka 1943, akafundisha shule za msingi huku juu Umatengo na kule ziwani, na mwaka 2003 akastaafu alipotimiza miaka 60. Siku hizi anakaa na mkewe, ambaye sisi sote humwita Mama, katika kijiji kimoja kaskazini ya Mbamba Bay, upande wa Liuli. Alipokuwa akifundisha karibu na Mbinga alinunua shamba dogo la kahawa, na fedha za kahawa hakupenda kuziweka pamoja na za mshahara. Kwa hiyo mali yake ilikuwa vipande vipande: pensheni, kitabu cha benki, kopo la fedha taslimu, na shamba. Yeye mwenyewe alikuwa na hesabu yote kichwani. Lakini Desemba 2024 nilipokwenda kuwasalimu niliona ameuliza mara mbili katika jioni moja kama ni mwaka gani, nikaogopa. Kichwa ni daftari zuri, ila halina nakala.

Niliingoja asubuhi, tulipokwisha kunywa chai, nikamwambia, "Mjomba, nataka tuandike mali yako."

Akanitazama kwa muda. "Umesikia nakufa?"

"La, Mjomba. Nimesikia unasahau."

Akacheka, maana alikuwa mwalimu na alipenda jibu lililonyooka. Akamwita Mama alete ufunguo.

Hapa nataka kusema jambo moja kwa vijana. Mimi nilikwenda na kalamu, sikwenda na mfuko. Mzee huyajua macho ya mtu anayekuja kuandika na ya mtu anayekuja kuchukua, na akiona ya pili hutasikia neno. Niliweka daftari mbele yake, na kila nilichoandika nilimsomea. Katika kila ukurasa tuliandika mambo manne tu: fedha iko wapi, ni kiasi gani, karatasi gani inaionyesha, na nani mwingine anaweza kuigusa. Swali hili la nne ndilo lililotupa kazi.

Tulianza na pensheni. Wazee wengi hupotea hapa kwa sababu jina la mlipaji limebadilika wao wakiwa wamekwisha kustaafu. Mjomba alipoacha kazi alilipwa na Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma, yaani PSPF, ulioanzishwa mwaka 1999. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikawa mmoja, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. NSSF ikaachiwa watu wa kampuni na mashirika ya binafsi, pamoja na wale waliojiajiri wenyewe wanaochanga kwa hiari. Basi mzee akikuonyesha barua yenye jina la mfuko wa zamani usiitupe. Haki haikufa pamoja na jina. Namba yake ya pensheni i katika barua hiyo, nayo ndiyo itakayotafutwa.

Mfuko hutaka mstaafu ahakikiwe kwamba yu hai. Zamani ilikuwa lazima mzee asafiri hadi mbele ya karani. Siku hizi mwenye simu ya kisasa aweza kujihakiki kwa sura yake mahali alipo. Mjomba hakuwa na habari, kwa kuwa laini aliyoiandikisha ilizama ziwani pamoja na simu yenyewe, naye alinunua nyingine asimwambie mtu. Tulimhakiki chini ya mwembe kwa simu yangu. Mara ya kwanza ilikataa, kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yake. Tukageuza kiti, ikakubali. Namba mpya ya simu tukaipeleka iandikwe. Ni jambo dogo, lakini pensheni ya mtu mzima yaweza kusimama kwa kukosa namba ya simu.

Sasa ile safu ya nne. Nani huchukua fedha? Mjomba akasema ni kijana mmoja wa ukoo, ambaye sitamtaja. Miguu ya Mjomba haifai tena kwa safari ya kwenda Mbamba Bay kila mwezi, basi alimpa kijana kadi ya benki na namba ya siri. Kijana alikwenda kwa wakala, akarudi na shilingi 180,000. Pensheni ilikuwa kiasi gani hasa? "Mia na themanini," akasema Mjomba, "na kidogo cha makato."

Februari 2025 nilimchukua Mjomba hadi benki Mbinga. Safari hiyo si taabu kama zamani, maana barabara ya Mbinga na Mbamba Bay sasa ni ya lami. Taabu iko kabla ya kufika Mbamba Bay. Aliomba yeye mwenyewe taarifa ya akaunti. Mimi nisingeweza kuiomba kwa niaba yake, na ni vizuri iwe hivyo. Tukaketi kwenye benchi nje, tukaisoma. Kila mwezi ziliingia shilingi 212,000. Siku ileile, au ya pili yake, zilitolewa 205,000. Wanafunzi wafanye hesabu wenyewe: mzee hupokea 180,000, na taarifa ni ya miezi 14. Jibu ni shilingi 350,000.

Nilikuwa na hotuba tayari mdomoni. Mjomba akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Nilijua," akasema. "Si hesabu yote, lakini nilijua. Mimi nilifundisha hesabu kabla hujazaliwa. Anakwenda kwa mtumbwi, anarudi usiku, anamletea Mama sukari. Ningemlipa nini?"

Sikujua la kujibu. Hata leo sikubaliani naye kabisa, maana mshahara ambao mwajiri hajautaja si mshahara. Lakini fedha ni zake, na heshima ya nyumba yake ni yake. Tulipatana hivi: namba ya siri ikabadilishwa, kijana ataendelea kwenda, ila kwa ujira wa shilingi 15,000 ulioandikwa katika daftari, na kila mara alete karatasi ya wakala. Mjomba alimwambia mwenyewe, wawili peke yao, nyuma ya nyumba. Kijana hakununa. Nadhani naye alipumua.

Siku hiyohiyo ya Februari tulikuwa na shughuli ya kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, na ndani yake zilikuwamo shilingi 415,000 za kahawa za miaka mingi. Kwa macho zilikuwa fedha safi. Lakini Benki Kuu ilikuwa imetangaza mwaka 2024 kwamba noti za zamani za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zirudishwe na kubadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo zingekuwa karatasi tu. Katika kopo la Mjomba noti za namna hiyo zilikuwa za shilingi 290,000. Tuliwahi. Zilihesabiwa mbele yetu, zikaingizwa katika akaunti yake. Mjomba alisikitika kidogo kuziona zikienda, kama mtu anayeaga wanafunzi wa zamani.

Lilibaki jambo la kitabu cha benki. Kilikuwa cha Benki ya Jamii ya Mbinga, chenye shilingi 386,400. Wenyeji wa hapa wanakumbuka: tarehe 12 Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni benki hiyo kwa upungufu wa mtaji. Mjomba alisikia habari hiyo redioni, akakifunga kitabu ndani ya kitambaa, asikifungue tena kwa miaka saba. "Benki imekufa, na fedha imekufa," akasema. Nimewasikia wengine wakisema hivyo hapa Mbinga, nao ni watu wenye akili timamu. Basi napenda jambo hili lieleweke vema.

Kila benki yenye leseni hapa nchini huchangia mfuko wa bima unaosimamiwa na Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifungwa, Bodi humlipa mwenye amana hadi kiwango fulani. Mwaka 2017 kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya kiwango hulipwa kiwango hicho, na kilichobaki hungoja mali ya benki iuzwe na madeni yake yakusanywe, akapata sehemu yake kwa kadiri itakavyopatikana. Mjomba alikuwa na chini ya laki nne. Kwa hiyo amana yake yote ilikuwa ndani ya bima tangu siku ya kwanza, naye alikuwa ameiomboleza bure. Wengine hawajajitokeza mpaka leo, na baadhi yao nadhani wamekwisha kufariki, na vitabu vyao vimo katika masanduku ambayo watoto wao hawajui maana yake. Ukirudi nyumbani likizo hii, tazama.

Lakini kitabu peke yake hakitoshi, mtu lazima athibitishe kwamba yeye ndiye. Hapa tulikutana na majina matatu. Cheti cha ubatizo kilikuwa na jina la ubatizo na la babu yake. Barua ya pensheni ilikuwa na jina la ubatizo na la baba. Kitabu cha benki kilikuwa nayo yote matatu, ila mahali pa herufi "r" karani fulani wa zamani ameandika "l", na katika nchi yetu nani atamlaumu? Kitambulisho cha Taifa kilifuata barua ya pensheni. Mjomba ni mmoja, lakini katika karatasi walikuwa wazee watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo: mtu huapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote hayo ni yake, na ni lipi atakalotumia tangu siku hiyo. Tuliifanya Mbinga. Ninapoandika haya, karatasi zake za kudai amana zimekwisha kupelekwa, nasi tunangoja.

Ninyi wanafunzi mnaoona ni mzaha kuandika jina moja katika daftari la Historia na jingine katika la Biolojia, mkumbukeni mzee huyu akipanda ngazi za ofisi kwa fimbo kwa sababu ya herufi moja.

Yafaa niseme pia juu ya wazee wasio na barua yoyote ya pensheni, ambao kwa kweli ndio wengi. Jirani ya Mjomba amevua mbasa na dagaa maisha yake yote, na hakuna mfuko unaomjua. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni, awe alifanya kazi ya Serikali au hakufanya. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa baadaye. Kenya nao huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi zao 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Huku Bara hatujawa na pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Kuna TASAF, ambayo husaidia kaya maskini, na kaya hizo huanza kutambuliwa katika mkutano wa kijiji, kwa hiyo mzee asiyeweza kufika mkutanoni amtume mtu atakayesimama na kumtaja. Kuna pia Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, na matibabu bila malipo kwa mzee asiye na uwezo, mwenye kitambulisho chake cha mzee. Yule mvuvi hakuwa nacho. Nilimwonyesha njia ya ofisi ya kijiji, akasema atakwenda mwera ukitulia.

Juni 2025 nilirudi kwa ajili ya wosia. Mwera ulikuwa ukivuma kweli, na mtumbwi haukuthubutu kutoka, nikaja kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye meno. Mjomba alikuwa amekwisha kuandika mwenyewe, mwandiko mzuri wa ubao, lakini kwa penseli. Nikamwambia haifai. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 yataka wosia wa maandishi uwe kwa wino au kwa kupigwa chapa, na uwe na mashahidi. Ikiwa mwenye kuusia ajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma huhitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mke naye ashuhudie. Mjomba akanung'unika kidogo kwa kusahihishwa, kisha akaunakili upya kwa wino, pole pole, akisoma kila sentensi kwa sauti.

Alipofika mahali pa fedha zilizo nyumbani, akasema, "Hakuna. Kopo ni tupu."

Mama alikuwa mlangoni akipepeta unga wa muhogo. Akaweka ungo chini, akaingia chumbani, akarudi na furushi la plastiki lililokuwa juu ya dari kati ya maboya ya nyavu. Akaliweka mezani bila kusema. Tulifungua. Zilikuwa noti za shilingi 1,000, 2,000 na 5,000, zimekunjwa moja moja, jumla yake shilingi 140,000, za kuuza dagaa miaka mingi iliyopita. Zote za zamani. Tarehe 5 Aprili ilikuwa imepita miezi miwili.

Nilimwuliza, nadhani kwa sauti kubwa kuliko ilivyopasa, kwa nini hakuzitoa Desemba, tulipokaa siku nzima na daftari, wala Februari, tulipokwenda Mbinga.

"Mliuliza fedha za Mzee," akasema. "Hizi ni zangu."

Mjomba aliweka kalamu. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, na nje maji yalikuwa yakipiga mawe. Nilifungua daftari langu, lile nililojivunia kwa safu zake nne, nikapekua kurasa zote. Jina la Mama limo mara moja tu, penye neno "ufunguo".

Nilitaka kumlipa zile fedha kutoka mfukoni mwangu, akakataa. Alizikunja tena moja moja. Kisha akauliza maswali, naye alikuwa ameyatayarisha. Je, ataweza kuwa na akaunti isiyo ya mumewe? Nikamwambia ndiyo, kwa kitambulisho chake mwenyewe. Je, cheti cha ndoa kikipotea? Kinapatikana nakala misheni walikofunga ndoa, kwa maana kitabu cha ndoa hukaa huko. Je, Mzee akitangulia, Mfuko unajua kwamba yeye ni mke? Nilikwenda kutazama fomu. Jina lake lilikuwapo, lakini la utoto, ambalo halimo katika kitambulisho chake.

Nilimwambia nitamfungulia ukurasa katika daftari la Mjomba. Akasema hapana, ataka lake. Nimekwisha kumnunulia hapa Mbinga, la kurasa 96, jalada gumu, na nitampelekea shule itakapofungwa.